Mstari Juu ya Sahihi

"Soma tena pale kwenye iko faida yangu," Kamaliza alisema.

Daktari Viateur akairudia karatasi ya kukubali majaribio ya dawa. Alikwisha kuusoma mstari huo mara mbili, kila mara akiuzungusha kwa maneno laini. "Mama, hii njo majaribio ya kwanza. Tunatafuta kiasi gani ya dawa mbili mwili inaweza kuvumilia. Kupona... hatuwezi kukuahidi."

"Njo vile. Sema wazi tu."

Miaka thelathini Kamaliza aliuza maziwa kijijini kwao Bihambwe, na kila mnunuzi aliambiwa kama ni ya asubuhi au ya jana. Sigara hakuwahi kuigusa, lakini kansa iliingia pafu lake la kushoto bila hodi. Vidonge vya kwanza viliituliza miezi kumi na mmoja, kisha ikavizoea, kama kupe wanavyozoea dawa ya kuogeshea ng'ombe. Kwa nini dawa zichanganywe, hilo alilielewa upesi kuliko daktari alivyodhani. Kilichomkera ni kingine.

"Na hizi dawa zikifanya kazi, zitafika Bihambwe?"

Viateur akainamia karatasi. "Ile haiko mu programme, Mama."

Hasira zikampanda. Damu yake waichukue kila wiki, mapafu yake wayapige picha, halafu wapone wa ng'ambo, na jirani yake Epiphanie, mwenye ugonjwa uleule, afe akikohoa! Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Hawa wameigeuza: mwenyeji akohoe, mgeni apone.

Akachukua kalamu. Juu ya mahali pa sahihi akaandika polepole, akihema: *Dawa ikiponyesha watu, irudi Bihambwe.*

"Mama! Ukiongeza kitu, hii papier haina tena kazi. Na nafasi imebakia moja. Kesho itapewa muntu mwingine."

Binti yake Uwamariya, aliyeketi kando yake, akamshika bega. "Mama, tafazali. Weka tu sinyatire. Mimi nataka upone."

"Amesema mwenyewe, kupona hawaahidi. Basi waahidi hii moja."

Viateur akaichana karatasi, akaenda kuchapisha nyingine. Kamaliza akaandika maneno yaleyale. Ikaletwa ya tatu, ingali na joto la mashine. Safari hii kikohozi kilimkunja katikati ya kuandika, na karatasi ikaanza kumponyoka mezani.

Daktari akanyoosha mkono, akaishika pembe isiteleze, Kamaliza amalize mstari wake.