Mchezaji wa Mwisho Kushoto

Kwa miaka kumi na mmoja Verna Kubiak alicheza kwenye filamu za muziki pale Hollywood, na kwa miaka yote hiyo mama yake, kule Toledo, alikuwa akilipa kiingilio cha sinema na kurudi nyumbani bila kumwona. Verna alikuwa wa mwisho kushoto kwenye mstari wa wacheza dansi, na skrini za wakati ule zilikaribia kuwa mraba. Kamera ikimsogelea nyota anayeimba katikati, wa pembeni walibaki nje ya picha. Basi wakajizoesha: kamera ikisogea tu, wanashusha mikono na kupumzika. Nani angewaona?

Mwaka wa hamsini na nne ikaja skrini pana. Hal Brandt, mwalimu wa dansi, alipiga magoti akachora mistari ya chaki sakafuni, hatua kumi na mbili kila upande.

"Uwanja wote huu inabidi niujaze watu," alilalamika. "Na kwa kuwa skrini hii ni pana lakini fupi, ngazi zangu za kupanda juu ndiyo basi tena. Lakini wewe bibie, safari hii utaonekana mwanzo mpaka mwisho."

Verna alifurahi hadi machozi yakamtoka. Akamwandikia mama yake, na mama akaalika mtaa mzima, wakiwemo waliokuwa wakimtania kwamba binti yake ni wa kusadikika.

Siku ya kupiga filamu, dansi ilianza vizuri. Nyota akaimba, kamera ikasogea. Na mwili wa Verna, bila kumwomba ruhusa, ukafanya mambo yake ya miaka kumi na mmoja: akashusha mikono, akavua kiatu cha kulia, akakikung'uta, akajikuna kisigino, akapiga mwayo. Macho ya wote yalikuwa kwa nyota. Siku hiyohiyo mapambo ya jukwaa yakabomolewa, kwa hiyo dansi isingeweza kurudiwa.

Kesho yake, walipoitazama picha, hakuna aliyemwangalia nyota.

"Nikate, Hal, nakuomba."

"Nikukateje? Dansi nzima tumeipiga kwa mkupuo mmoja, haina pa kuingiza mkasi. Nikikutoa wewe pembeni, skrini inarudi kuwa nyembamba. Halafu wakubwa wa studio wamecheka mpaka wakashika mbavu. Wamesema ibaki."

Verna alingoja habari za Toledo kama mtu anayengoja hukumu. Filamu ilipofika huko, simu ikalia.

"Mama, nisamehe. Nimekuaibisha mbele za watu."

"Watu walicheka, ndiyo. Bi Hruska, jirani yetu, nusura aanguke kitini. Hivyo viatu vinakubana, mwanangu?"

"Kidogo."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

"Na hukuniambia. Nimekutumia vingine. Namba moja zaidi."

Verna akacheka huku analia. Akauliza kama angalau nyota aliwafurahisha na wimbo wake.

"Nyota gani?" mama akasema. "Kwani kulikuwa na mtu mwingine?"