Mbwa Waliolowa, Fanicha na Ionie

Kuna ghorofa isiyokuwepo, lakini watu wanalala humo. Ni ipi?

Kila mgeni wa Bi Dorothea Lindauer alitegewa kitendawili hicho, na aliyeshindwa alidaiwa mji. Jibu lilikuwa kwenye vitufe vya lifti: kumi na mbili, kisha kumi na nne. Waliojenga jumba lile la matofali meupe pale Manhattan, baada ya vita, waliogopa mkosi wa kumi na tatu. Wakabadilisha namba, wakaona yamekwisha. Bi Dorothea aliishi kwenye ghorofa hiyo hiyo tangu rangi haijakauka, na alipenda kuicheka.

Siku tangazo lilipobandikwa penye lifti, hakucheka.

"Nisomee tena," alimwambia Ionie, mwanamke wa Jamaika aliyemwogesha na kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu kwa miaka tisa.

Ionie akasoma: kwa amri ya bodi ya ushirika wa wakazi, mbwa waliolowa, fanicha na wahudumu wa wagonjwa watumie lifti ya nyuma tu.

"Mbwa wametangulia," Ionie alisema. "Shukuru tumepangwa karibu na makochi."

Lifti ya nyuma, yenye harufu ya taka, ilifungwa saa kumi na moja jioni. Ionie alimaliza kazi saa kumi na mbili. Akawa anashuka ngazi zote kwa miguu, kila jioni, na goti likavimba kama boga.

Wiki ya tatu alisema, "Bibi, nakupenda, lakini goti halijui mapenzi. Ijumaa ndiyo mwisho wangu."

Kijiko kilimtoka Bi Dorothea, mchuzi wa kuku ukamwagika mapajani. Alitukana kwa Kijerumani cha mama yake, lugha asiyoigusa tangu utotoni. Aondokewe na Ionie? Na nani tena atajua kwamba mguu wa kushoto huvikwa soksi kwanza?

"Mkutano wa mwaka ni lini?"

"Alhamisi."

"Huko kwenye lifti ya taka unakutana na nani?"

Ionie akamtazama. Kisha akaanza kutabasamu. "Na wenzangu wote, Bibi. Zamani hatukujuana. Sasa tunabanana humo kila asubuhi."

Katika ushirika ule hakuna aliyemiliki nyumba yake. Watu walimiliki hisa, na hisa ndizo zilizopiga kura. Wazee wasioweza kushuka walitia sahihi karatasi ya uwakilishi, ya kumpa mtu mwingine kura zao, na kila mwaka mwenyekiti, Bwana Whitlock, ndiye aliyeandikwa. Hakuwahi kujiuliza nani huwavalisha miwani wazee wale, nani huwasomea. Mwaka huu waliposomewa lile tangazo, walikasirika mmoja mmoja kitandani mwake. Bwana Kessler wa ghorofa ya tisa aliandika jina la Bi Dorothea na kutia sahihi akitukana, meno yakiwa bado kwenye glasi.

Alhamisi, Bi Dorothea alishuka ukumbini kwa lifti ya nyuma, koti la manyoya mwilini, karatasi thelathini na moja mapajani. Wahudumu walisimama ukutani nyuma yake.

Whitlock akainama, tabasamu kubwa, sauti ndogo. "Dorothea mpenzi, kwa Ionie wako tutafumba macho. Huyo peke yake. Nipe hizo karatasi."

Kesho ilikuwa Ijumaa. Bi Dorothea alimgeukia Ionie. Ionie alitazama sakafu.

"Mlifumba macho mkapoteza ghorofa nzima!" Bi Dorothea akafoka. "Mimi naishi humo! Kitendawili, Whitlock!"

"Huu si wakati wa—"

"Tega!" wakaitika wahudumu.

"Wanabeba nyumba nzima mgongoni, lakini mlango wa mbele hawaujui."

Whitlock akatazama kushoto, akatazama kulia. "Konokono?"

Wahudumu wakaangua kicheko. Bi Dorothea hakucheka.

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Mji gani?"

"Hicho kiti chako."

Kura za kumwondoa na kufuta amri yake zilihesabiwa mara mbili, maana Whitlock hakuamini ya kwanza. Kisha akachukua koti lake.

Ijumaa saa kumi na mbili jioni, Ionie alibonyeza kitufe cha lifti ya mbele. Bi Dorothea alikuwa mlangoni, amelikunja lile tangazo ngumini, bado anahema kwa hasira.

"Jumatatu?" aliuliza.

"Goti bado linauma, Bibi," Ionie alisema, lifti ikafunguka. "Jumatatu saa mbili. Na soksi usijaribu mwenyewe."