Mkebe wa Nywele za Jeanne

Jumamosi ile Jeanne alifika kwa Zabibu, msusi wake, na mto wake wa kukalia kwapani, akakuta mkeka haupo barazani.

Kwa miaka mitano mkeka ule haukukosekana hata Jumamosi moja. Mvua ikinyesha, uliingizwa ndani. Ramadhani ikifika, ulisogezwa upande wa kivuli. Siku ile sakafu ilikuwa imefagiwa, haina hata uzi mmoja mweusi uliosahaulika katika ufa. Sudi, kaka yake Zabibu, alikuwa anashona kaptula kwenye cherehani yake pale pale anapokaa siku zote.

"Sudi, dada yako iko wapi?"

Sudi alisimamisha gurudumu kwa kiganja. "Alienda, Mama Victo. Siku ya ine, na treni ya Kabalo. Mama yetu iko mugonjwa kule Kasongo."

"Siku ya ine? Na leo ni siku ya posho!" Jeanne alihesabu: Alhamisi hadi Jumamosi, siku mbili.

"Njo vile." Sudi alirudisha macho kwenye kaptula. "Hakukuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Ya kwenda. Alianza kufunga bintu mwezi uliopita. Bantu bote ba hapa mu lupango balijua."

Lupango lile lilikuwa na nyumba nne kuzunguka ua mmoja. Jeanne aliutazama ua, akaona wanawake wawili waliokuwa wakipepeta unga wakigeuza nyuso zao. Kumbe wote walijua. Hata watoto.

"Aliacha kitu yangu?"

Sudi aliingia ndani, akatoka na mkebe wa biskuti. Jeanne aliujua kabla haujamfikia mkononi. Akaufungua palepale. Ndani mlikuwa na kichanuo cha mti na madonge mawili ya uzi mweusi. Nywele hazikuwemo.

Arusi ya binti yake Victorine ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Habari ya nywele hizo ilianza mbali. Jeanne aliolewa mwaka 1934, na waliomsuka kwa arusi yake walikuwa dada za mume wake, Godefroid, waliotoka Lukafu. Mkubwa wao, Constance, alifunga nyuzi kwa nguvu hadi macho ya bibi arusi yakapanda juu. Jeanne alipolia, Constance alimwambia: "Vumilia. Ikiuma njo inakamata." Kwa siku tatu alilala ameketi. Vipele vikajipanga kwenye paji kama shanga, na vipele vilipokauka, nywele zikaondoka navyo. Akarudi kusukwa vivyo hivyo mwaka baada ya mwaka, maana hakuna aliyemwambia kuna namna nyingine, na kila mwaka mstari wa nywele ukarudi nyuma kidogo, hadi pande mbili za uso wake, juu ya masikio, zikabaki ngozi inayong'aa. Mawifi walimpa jina: Kiwanja ya Avion, yaani uwanja wa ndege. Walipokuja kutembea waliuliza mlangoni, "Avion ilisha kushuka leo?" kisha wakacheka na kuomba maji ya kunywa.

Zabibu hakucheka. Watu wa kwao walikuwa Waislamu wa Maniema, na yeye alijifunza kusuka kwa mama yake, ambaye aliwasuka wanawake waliotoka katika homa na waliojifungua vibaya, wale ambao nywele zao hazitaki kushikwa. Siku ya kwanza Jeanne alipovua kitambaa mbele yake, Zabibu alipitisha kidole gumba juu ya ngozi ile inayong'aa, polepole, kama mtu anayesoma.

"Hii haikukufa yote," alisema. "Ilichoka na kuvutwa. Tutaiacha ipumuke."

Kazi yake ilikuwa na masharti. Vidole viwili kutoka kwenye paji uzi haukuingia kabisa. Vinywele vya pembeni viliachwa huru, vikapakwa mafuta tu. Uzi ulizungushwa kwanza mara tatu ukiwa mlegevu kwenye nywele za Jeanne mwenyewe, ndipo nywele za kuongezea zikalazwa juu yake, ili uzito wake ugawanywe kwa nywele nyingi usiangukie chache. Na baada ya kila safu Zabibu aliamuru: "Cheka."

"Nicheke nini?"

"Cheka bwana yako. Treni inakuya, yeye anasahau bendera kwa nyumba."

Jeanne alicheka na kuinua nyusi, maana Godefroid alikuwa mpiga bendera kwenye stesheni. Kama ngozi ya paji ilivutika hata kidogo, safu ilifumuliwa ikaanzwa upya. Wiki mbili, basi. Siku ya kumi na nne kila kitu kilifunguliwa, hata kama bado kilikuwa kizuri.

Mwanzoni Zabibu aliongezea nyuzi za sufu, kama wanawake wote. Lakini sufu hunywa maji. Mvua moja ikipiga, kichwa kinakuwa kizito kama mtungi, na paji linalipa. Ndipo Zabibu akamwambia jambo ambalo mwanamke wa mjini pale hamwambii mwenziwe.

"Zile nyele zinatoka mu kichanuo, uniachie mimi."

Kila mwanamke alijua: nywele zilizotoka katika kichanuo ni zako. Unaviringisha kidonge, unakishika mkononi, unaenda kukichoma kwako. Humwachii dada yako, wala mama mkwe, wala msusi. Nywele yako mkononi mwa mtu ni wewe mwenyewe mkononi mwake. Ngosa, jirani yake Jeanne, aliposikia alishika kiuno.

"Weye, Mama Victo, iko na akili? Unaacha nyele kwa muntu? Na hata haiko muntu ya misa!"

"Ni rafiki yangu."

"Rafiki! Siku anakuloga nayo utaniambia kama ni rafiki."

Hata hivyo Jeanne alimwachia. Zabibu alizinyoosha zile nywele moja moja, akazilaza upande mmoja, akafunga kila fungu dogo kwa uzi mwekundu ili lisichanganyike na la mwingine. Uzi huo Jeanne aliuchomoa katika bendera kuukuu ya Godefroid ya kuongozea treni. Mjini kote hapakuwa na uzi mwingine wa rangi ile, nyekundu iliyochujuka kwa moshi na jua. Mafungu yalikaa kwenye mkebe wa biskuti. Mwaka wa tano yalikuwa yametosha kichwa kizima, mepesi, yenye rangi ya nywele zake mwenyewe, marefu kiasi cha shubiri.

"Tunayaweka kwa arusi ya Victorine," Zabibu alisema. "Siku ile utatoa kitambaa mbele ya Constance. Utamuangalia mu macho. Na utacheka."

Hilo tu ndilo Jeanne alilotaka. Wengine hutaka mengi arusini. Yeye alitaka kusimama kichwa wazi mbele ya mawifi zake mara moja, kisha afe akipenda.

Siku kumi baada ya mkeka kutoweka, Jeanne alikuwa bado anamtetea rafiki yake. Zabibu alichukua nywele kwa haraka ya safari. Zabibu atazituma na mtu anayekuja. Godefroid alisikiliza akavuta kiko chake. Ngosa alisema mengi.

Siku hiyo ya kumi alikuja Edith, mke wa Alexis, karani katika ofisi ambako karatasi za ruhusa ya safari ziliandikwa. Alikuwa kijana, mzuri, kitambaa amekishusha mpaka kwenye nyusi, akamwita Jeanne yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya Jeanne, nisaidie. Banasema ni weye tu unajua mukono ya Zabibu. Alinisuka mbele ya kuenda, akasema wiki mbili zikifika nifungue. Zilisha kufika. Mimi naogopa kukata."

Jeanne akamkalisha kati ya magoti yake, akamvua kitambaa. Edith naye alikuwa na ile ngozi inayong'aa, pande zote mbili, mbaya kuliko yake. Na kuzunguka paji, vidole viwili, nywele zilikuwa huru. Kazi ya Zabibu, hapakuwa na shaka. Jeanne alisikia huruma. Akaanza kufumua.

Safu ya kwanza, ya pili. Nywele za kuongezea zililala kwenye kiganja chake, nyepesi. Alidhani anazijua, akajikemea. Safu ya tatu, nyuma ya sikio la kushoto, uzi mweusi ulipoisha kuzunguka, ukatokea mwingine chini yake. Fundo moja, vitanzi viwili. Mwekundu uliochujuka.

Mafungu mengine yote Zabibu aliyakata nyuzi zake. Hili moja lilimponyoka.

"Yaya? Mbona umeacha kufumua?"

"Hizi nyele," Jeanne alisema, "alizitoa wapi?"

"Ni zake mwenyewe. Alikusanya miaka tano. Sikutaka, yaya, ukweli ya Mungu. Lakini alikuja kwa nyumba mara tatu. Karatasi yake ya safari ilikuwa chini ya zingine, alitaka nimuambie Alexis aiweke juu. Nikamuambia, mimi siombi kitu. Akaangalia kichwa yangu, akasema, 'Hiyo nitakusaidia.'" Edith alicheka kidogo. "Alexis aliiweka juu kesho yake. Muzuri ile mama, eh? Kutoa nyele yake mwenyewe!"

Jeanne alishika uzi mweusi, kana kwamba anataka kuanza safu upya, akauzungusha kwenye nywele za Edith, akavuta.

Alivuta kama Constance alivyovuta. Ngozi ya paji ikapanda, nyusi zikapanda, na jicho la Edith likafunguka kwa nguvu.

"Ayi! Njo vile Zabibu alikuwa anafanya?"

Mkono wa Jeanne ulisimama. Hivyo ndivyo nywele zinavyotoka. Alijua ni siku ngapi zingehitajika, na vipele vingeanzia wapi. Angefanya safu sita tu za namna ile. Angesema, vumilia.

"Hapana," alisema. "Hakuwa anafanya vile." Akalegeza. Akafumua.

Kisha akasimama, akaingia ndani, akatoka na kipande cha bendera. Akakiweka kwenye mapaja ya Edith, na juu yake lile fungu lenye uzi wake. Hakueleza sana. Edith alitazama kimoja, akatazama kingine, na alipoelewa alishika mdomo kwa mikono miwili.

"Ni zako?"

"Njo zangu."

"Yaya, mimi sikujua. Chukua. Chukua zote, leo hii!"

Wakamaliza kufumua pamoja, Edith akilia na kupokezana mafungu. Lakini Jeanne alipoyalaza sawasawa juu ya mkeka wake wa nyumbani, aliona Zabibu ameyakata ili yatoshe shingo fupi ya Edith. Yalikuwa nusu shubiri. Hayakutosha kitu.

Jambo lililomuuma siku zile halikuwa nywele. Ni kwamba Zabibu hakuomba. Mama yake anakufa Kasongo, karatasi imekwama, na rafiki yake wa miaka mitano ameketi mbele yake kila Jumamosi, akicheka anapoambiwa acheke. Angesema neno moja. Jeanne alijiapia kwamba angempa. Halafu, akiwa anaosha vyombo au anapanga foleni bombani, alijiuliza kama kweli angempa, arusi ikiwa karibu vile. Hilo nalo lilimfanya amchukie Zabibu, kwamba hakumpa hata nafasi ya kujua.

Mafungu aliyachoma mwenyewe katika jiko la makaa, mchana, mlango ukiwa wazi. Ngosa alisikia harufu akaja mpaka kizingitini. Alitazama, akafungua mdomo, akaufunga, akarudi kwake. Ni mara moja tu katika ujirani wao wote.

Arusini Jeanne alivaa kitambaa cha hariri ya bluu, amekifunga mpaka chini ya masikio. Victorine alikuwa mzuri. Constance alikula vizuri, akacheza, na jioni akamsogelea wifi yake na kumgusa kitambaa kwa ncha ya kidole.

"Hata leo, Jeanne? Hata ku arusi ya mutoto?"

"Hata leo."

"Avion haikushuka bado?" Na wadogo zake wakacheka nyuma yake.

Jeanne alimwangalia machoni. Hakucheka.

Mwezi wa pili baada ya arusi barua ilifika kwa Sudi, imeandikwa na mwalimu fulani wa Kasongo kwa niaba ya dada yake. Sudi alimwita Jeanne akamsomea barazani. Mama amezikwa. Zabibu atabaki kule, kaka zake wanamtaka pale. Salamu kwa wote wa lupango. Na mwisho: *Mama Victo umuambie asikubali muntu amuvute. Wiki mbili, asipitishe.*

"Ni hiyo tu?" Jeanne aliuliza.

Sudi aligeuza karatasi. Nyuma hapakuwa na kitu. "Ni hiyo tu."

"Soma tena."

Akasoma tena. Jeanne alisikiliza mpaka neno la mwisho, akaomba mkebe ubaki kwake pamoja na kichanuo, akaenda.

Siku hizi mkeka wa kusukia uko kwa Jeanne. Edith huja Jumamosi, na wanawake wengine watatu wenye mapaji yaliyochoka. Ngosa naye alikuja, akisema anapita tu. Jeanne huacha vidole viwili, huzungusha mara tatu ukiwa mlegevu, na baada ya kila safu huwaambia wacheke. Huongezea sufu kidogo, na wakati wa mvua haongezei kitu. Akimaliza, husafisha kichanuo, huviringisha nywele zilizotoka, na humpa kila mmoja za kwake mkononi kabla hajavuka kizingiti.