Stendi ya Miguu ya Njano

Tangu kamera yangu ianguke kwenye harusi moja kijijini Mtua, siamini kitu chochote chenye miguu mitatu. Bibi harusi alikuwa anakata keki, stendi ya kamera imesimama vizuri tu, kumbe kichwa chake kinalegea kidogo kidogo. Kamera ikainama. Mimi nikiwa hatua tatu mbali nikasikia kioo cha lenzi kikipasuka sakafuni. Ukumbi mzima ulicheka, nami nikaenda kulia chooni.

Ndiyo maana nilikaa saa nzima kwa Fortunatus, pale Nachingwea, nikikaza na kulegeza vifungio hadi akanichoka. Fortunatus anauza vifaa vya kamera vilivyotumika, na ana tabia moja mbaya kwa mfanyabiashara: husema ukweli. Nilimweleza shida yangu. Jumatatu mama yangu alikuwa anapasuliwa uvimbe wa tumboni. Nilitaka picha moja, mimi na yeye, kamera ipige yenyewe. Baba alipofariki hatukuwa na picha yake hata moja ya kutundika ukutani. Nilikuza ile ya kadi ya kura, ndogo kama ukucha, mpaka pua ikapotea. Mimi, mpiga picha! Mganga hajigangi, wanasema, lakini aibu ile bado ninayo.

Alinitolea stendi mbili. Ya kwanza nyeusi, nyepesi, ukiikunja inaingia kwenye mkoba wa shule. Kichwa chake kilikuwa na gololi ndogo inayozunguka kila upande, ukikaza inatulia. Nilifunga kamera na lenzi yangu nzito, nikahesabu kimoyomoyo. Kabla sijafika arobaini, kamera ilianza kusinzia.

"Hiyo ni ya safari, dada Saada," alisema. "Weka lenzi ndogo, haitainama."

"Lenzi ndogo sina. Na ile kule?"

Ilikuwa kwenye kona, kubwa, miguu ya mbao iliyopakwa rangi ya njano.

"Miguu ni ya wapima ardhi, kichwa nimefungisha kwa fundi. Gololi yake kama limau. Hata ukiipiga teke haitikisiki. Ila kwenye bodaboda utaijutia."

Nilihesabu mia mbili. Kamera ilitulia. Basi, nikachukua hiyo ya njano. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nyoka wangu alikuwa kichwa kinacholegea. Sikufikiri kwamba wengine nao wana nyoka wao.

Jumamosi, Eustakio wa bodaboda alinifikisha nyumbani kwa mama, Matambarale, saa nne asubuhi, mgongo unauma, uso nimeufunga mtandio kwa vumbi. Pikipiki haikuweza kupita njia ya shambani, akabaki barabarani kunisubiri. Mikono yangu yote ilikuwa kwenye stendi, kwa hiyo hata kofia ya pikipiki aliyonivalisha sikuivua.

Sikupiga hodi. Mama hawezi kusimama muda mrefu, nikaona bora niandae kila kitu kwanza, ndipo nimwite. Nilisimamisha miguu ya njano pembeni ya mikorosho, nikaelekeza kamera mlangoni, nikategesha sekunde kumi ili kujaribu mwanga. Kisha nikachungulia.

Mama alikuwa ametoka.

Alikuja miguu peku, mkono mmoja umeshika tumbo, mwingine panga. Lenzi ilimleta karibu kabisa. Sijawahi kuona uso wake vile, hata siku tuliyomzika baba.

"Usipime!" alipiga kelele. "Usipime hapa! Niue kwanza!"

Ndipo nilipokumbuka. Miaka minne nyuma, wapimaji wenye kofia ngumu na stendi ya miguu ya njano walisimama mahali palepale. Hawakusema wametumwa na nani. Wiki iliyofuata nusu ya mikorosho yetu ilikuwa ng'ambo ya vigingi, na baba hakumaliza mwaka. Mimi nilikuwa Nachingwea, nilisimuliwa kwenye simu. La kusimuliwa halikai kichwani.

Sikuogopa panga, niliogopa tumbo lake. Nikavuta kofia, ikakwama kwenye mtandio. Kamera ilikuwa inalia sekunde zake za mwisho, kisha ikapiga.

"Mama! Ni mimi! Ni Saada!"

Panga lilianguka kwanza, kisha yeye akakaa chini taratibu, akihema. Jirani yetu Sadiki alifika mbio na jembe begani, akatutazama sote wawili.

"Wewe Saada umerogwa?" alifoka. "Hicho ndicho cha kumletea mama yako?"

Niliipeleka stendi barabarani kwa Eustakio. Niliporudi, mama alikuwa bado amekaa pale chini, Sadiki akimnywesha maji. Nilimwomba nimpige hivihivi, kwa mkono. Akakataa.

"Leo sina uso wa picha, mwanangu."

Jumatatu, kwenye benchi la hospitali, nilikuwa na picha moja tu. Ilikuwa kali, haikutikisika hata kidogo. Kila mkunjo wa uso wake ulionekana, na kitu alichokuwa anakiogopa ni mimi. Nilikuwa nimeweka kidole kwenye kitufe cha kufuta walipomtoa wodini kwenye kitanda cha magurudumu, kumpeleka chumba cha upasuaji.

"Picha ya siku ile ilitoka?" aliniuliza.

Sikuweza kumdanganya. Nilimpa kamera. Aliitazama muda mrefu, muuguzi akisubiri.

"Nimeshika panga," alisema.

"Ndiyo, mama. Nisamehe. Nataka kuifuta."

"Ufute nini? Siku ile walipokuja, baba yako alijifungia ndani. Nami nilijifungia naye. Tulikaa mvunguni kama kuku, tukisikia wanavyopigilia vigingi." Alinirudishia kamera. "Juzi nilitoka. Hiyo ndiyo utakayoitundika."

Kitanda kikasukumwa, mlango ukafungwa. Kwetu hutundikwa picha ya aliyefariki tu. Nilibaki nimeikumbatia kamera kifuani, naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.