Askari Aliyechukuliwa Pamoja na Ng'ombe

Haya alinieleza dobi wa kambi mwenyewe, mwaka ule mahindi yalipokauka mashambani, tukiwa kisimani tunangoja zamu. Alikuwa akisuuza ndoo yake huku anasimulia, wala hakupandisha sauti.

Askari wa kulinda amani walipoletwa mpakani, waliamriwa wasikanyage ardhi ya huku wala ya kule, wasije wakaonekana wanapendelea. Wakatii. Wakakaa hewani, shubiri moja juu ya majani, wamejipanga toka mlimani hadi mtoni. Dobi alifurahi: sare zilichafuka kwapani tu, soksi hata kidogo. Na kwa kuwa nyumba yake ilipakana na mstari wao, alifunga kamba toka kiuno cha askari mmoja hadi kiuno cha mwenzake, akaanika nguo. Walipitia amri zao, hawakuona palipokataza kamba.

Dobi alikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu, na mjukuu asiye na mama aliyeishi kwa maziwa ya ng'ombe huyo. Wezi wa ng'ambo walikwisha kupita kwa majirani wote.

"Mwanangu," alimwambia askari mrefu aliyempa jina la Mlingoti, "wakija kwangu utafanya nini?"

"Nitaangalia, mama."

"Halafu?"

"Nitaangalia vizuri."

"Kuangalia hata kuku wangu anaweza."

Dobi akawaza: nani atathubutu kumwiba askari wa dunia nzima? Akafunga kamba ya ng'ombe, ambayo alikuwa amepewa kambini, kwenye kifundo cha mguu wa Mlingoti, kwa fundo la kidobi, lile ambalo likilowa halifunguki.

Wezi walikuja alasiri, mvua inanyesha. Wakahangaika na fundo, wapi! Kisu walikuwa nacho, lakini kamba ilikuwa mali ya kambi, na kuiharibu kungeleta kesi.

"Samahani, afande," wakasema, wakaondoka na wote wawili. Ng'ombe mbele, Mlingoti nyuma anaelea kama kishada, redio mdomoni, anaripoti rangi ya ng'ombe na mwelekeo wa upepo.

"Weka mguu chini, umzuie!" dobi alipiga kelele akiwakimbilia.

"Nikiuweka, mama, nitakuwa nimekanyaga!"

Kamba ilipokauka, wakamfungua wakamrudisha, sare imepigwa pasi. Wakubwa wa kambi wakazishukuru pande zote mbili kwa ushirikiano. Ng'ombe hakutajwa, maana hakuwa mwanajeshi.

"Hajambo?" dobi aliuliza.

"Mzima kabisa. Wanamkamua asubuhi na jioni. Maziwa mazito, mama, hongera."

"Umejuaje kama ni mazito?"

Mlingoti akatazama buti zake safi. "Walinikaribisha."

Jioni ile dobi alikoroga uji mwepesi wa maji matupu. Mjukuu akaunywa, akalia, akaunywa tena, akachoka kulia akalala. Dobi akatoka kuanua nguo. Upepo ulikuwa umeanza kuvuma kuelekea ng'ambo, na Mlingoti alikuwa anayumba. Basi akamfunga mguu kwenye kigingi cha ng'ombe, asije akapeperushwa. Kigingi chenyewe kilikuwa hakina kazi.

"Asante, mama."

"Haya, angalia vizuri."

Akaingia ndani, akajilaza kando ya mtoto, usingizi ukamchukua. Mlingoti akabaki anakilinda kigingi, macho kodo, mpaka nayo yakajifumba.