Duara Juu ya Tano

Nafundisha hesabu, na hakuna kinachonikera kama duara linaloachwa wazi bila sababu.

Asubuhi ile, barazani kwetu Mshangano, nilimtungia swali Nasrin, binti wa marehemu kaka yangu. Nilikuwa nimemchukua kutoka kijijini Nalasi baada ya mazishi. Sufuria ina vipande vya mihogo visivyozidi kumi na viwili. Mimi na watoto x tunakula viwili viwili. Watoto wanaweza kuwa wangapi?

Kwa kipande cha mkaa aliandika sakafuni: 2(x + 1) ≤ 12. Akafungua mabano, akatoa mbili kila upande, akagawanya. Akapata x ≤ 5. Safi kabisa! Kisha akachora mstari wa namba, mshale ukielekea kushoto, na juu ya tano akaweka duara tupu.

"Nasrin! Tano si imo? Duara linajazwa!"

"Najua, shangazi." Aliinama. "Lakini watoto wako ni wanne. Wa tano ni mimi."

Hasira yote iliniisha. Nilimpokonya mkaa, nikapiga magoti, nikalijaza lile duara mpaka likawa jeusi tii.

Wenzake walipoamka niliwaambia, "Leo mnadeki baraza. Atakayelifuta hili, atanitambua."