Gari Lililotaga Barabara

Fundi wa vigae alilinunua lile gari Jumamosi asubuhi, saruji ikiwa bado kwenye kucha zake, baada ya kuligonga mara moja tu kwa kifundo cha kidole.

Kugonga ndiyo kazi yake. Kigae kikishakauka sakafuni, yeye hukigonga mara mbili: ya kwanza kukiamsha, ya pili kukisikiliza. Kilichoshika hujibu kwa mkato. Chenye uwazi chini hulia kama debe, na hicho hung'olewa hata kama mwenye nyumba amesimama pale akisema kimependeza. Hakuwahi kukabidhi sakafu bila kugonga mara mbili. Lakini muuza magari alikuwa kaka wa mkewe, na mali ya shemeji haigongwi mara mbili. Aligonga ubavu wa gari, akasikia kitu ambacho hakukipenda, akarudisha mkono mfukoni.

"Unabisha hodi?" shemeji yake akamuuliza. "Ingia, liko wazi."

Watu walimwita shemeji huyo Asali, kwa sababu ya ulimi.

Gari lenyewe lilikuwa la Kiitaliano, jekundu, fupi, lenye milango miwili ubavuni na mmoja wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Ukilitazama kwa nje ungedhani ni gari la mtu anayekwenda kununua mkate. Chini ya boneti lilikuwa na injini ndogo yenye turbo na hasira. Mabomba yake mawili ya moshi yalikuwa manene kama ngumi, na viti vilimbana mtu mbavuni kama nguo ya kushonewa. Karibu na usukani palikuwa na kitufe. Ukikibonyeza, gari liliacha adabu.

"Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu," Asali alisema. "Mama mtu mzima, huko kwao. Alilitumia kwenda kununua maua na kurudi. Tazama mita. Hili gari halijatembea, shemeji, limesindikizwa."

Fundi alitazama mita, akaamini kwa jicho moja. La pili lilikuwa limeshapenda.

Maisha yake yote ya kazi ameyapitisha akiwa amepiga magoti. Nyumba za watu anazijua kuanzia chini: miguu ya vitanda, uvungu wa makabati, visigino vya wenye nyumba. Siku hizi hata akikaa mezani goti la kulia lilitikisika lenyewe mpaka vikombe vikaongea, na mkewe alijizoesha kuondoa vikombe kabla mumewe hajaketi. Alitaka, kabla magoti hayajakufa kabisa, kitu cha kumtoa mahali kwa kasi. Tena binti yao alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, mbali, safari ya kutwa nzima, naye alikuwa amemwahidi kwamba atampeleka mwenyewe.

"Baba, ukikaa humo unafanana na mtu aliyevaa shati la mwanawe," binti alisema alipoliona. Kisha akazunguka upande wa pili, akaingia, akafunga mkanda. "Haya, twende basi."

Walikwenda. Fundi alikibonyeza kile kitufe, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu goti lake likatulia.

Waliporudi, gari likawa linapoa uani, chuma kikilia ti, ti, ti. Kisha likadondosha kipande cha barabara.

Kilikuwa kipande cha lami chenye ukubwa wa mlango, unene wa kiganja, na nusu ya mstari mweupe juu yake. Kilishuka taratibu kati ya magurudumu, bila kishindo. Fundi alilisukuma gari mbele, akamwita jirani yake kinyozi, wakakiinua wawili na kukiegemeza ukutani, maana pale chini kingemzuia mkewe kuanika nguo. Siku iliyofuata gari lilikwenda kazini, likarudi, likapoa, likadondosha kingine.

"Gari lako linataga," kinyozi alisema.

"Linataga."

"Shukuru. La kaka yangu linakunywa mafuta tu, halina hata yai."

Maelezo hayakuhitajika. Kila mtu mtaani alijua kwamba kilomita zikifutwa kwenye mita haziwi zimeisha. Zinabaki mahali, zinasubiri injini ipoe. Walichokuwa hawajakiona ni gari lililofutwa nyingi kiasi kile. Fundi alikuwa hatulii, na kadiri alivyozunguka ndivyo lilivyotaga. Kabla mwezi haujaisha, uani palikuwa hapapitiki.

"Ama barabara ama mimi," mkewe alisema, beseni la nguo kiunoni. "Nguo nitaanika kichwani?"

Basi fundi akaanza kuvipanga nje. Mtaa wao ulikuwa wa udongo tangu uwe mtaa. Mvua ikinyesha watu walibeba viatu mkononi. Alimwaga mchanga, akaupima kwa pima-maji, akavuta uzi, akaanza kulaza vipande kimoja baada ya kingine, akilinganisha mistari myeupe kama mtu anayelinganisha maua ya vigae jikoni. Vilikubali. Kila kimoja kilikuwa na jirani yake, na ukikosea kukipanga kilikataa kulala. Alivigonga vyote mara mbili.

Vipande vilikuwa vya kila namna. Vingine vilikuja na chumvi na barafu, na mkewe alivunja barafu ile safi ya juu akapozea maziwa. Vitatu vilitoka ndani ya handaki la mlimani, vikaja na kiza chake. Hata vilipolazwa juani havikupata jua, na kina mama wakaanza kukaa hapo mchana kuchambua mchele. Ofisa wa barabara wa manispaa alipita, akasimama, akasema manispaa imefanya kazi nzuri, akaenda zake.

Kisha gari likaanza kutaga kingo zilizopakwa nyekundu na nyeupe, nyekundu na nyeupe, kama zile za viwanja vya mashindano, zikiwa zimejaa mpira wa matairi uliounguzwa. Fundi aliutazama ukingo wa kwanza muda mrefu. Goti lake likaanza tena.

Alikwenda kwenye yadi ya Asali, mwisho wa mtaa.

"Shemeji, lile gari limetembea kiasi gani?"

"Si mita inasema?"

"Mita inasema. Nakuuliza wewe."

"Mita ni chombo, mimi ni binadamu. Kati yetu nani hukosea?" Asali alimvutia kiti. "Kaa. Goti linakusumbua?"

"Limetaga ukingo wa uwanja wa mashindano. Umesema yule mama alikuwa ananunua maua."

"Basi maua yalikuwa yanauzwa huko."

"Namweka mtoto wangu humo, safari ya kutwa. Mpwa wako. Sitaki unirudishie kitu. Nataka useme kwa mdomo wako ulichokifanya, na unachokijua. Basi."

Asali alimtazama kwa upole wa kweli. "Shemeji," alisema, "mimi nikuuzie wewe kitu kibaya? Nitamtazama dada yangu kwa macho gani?" Akapiga kelele ndani aletewe mgeni chai.

Fundi aliinywa, kwa sababu chai ya shemeji haikataliwi, akarudi nyumbani akiwa na swali lake vilevile.

"Umekwenda kumwambia nini kaka yangu?" mkewe akamuuliza.

"Nimemuuliza."

"Ukimwita kaka yangu mwizi, mimi utakuwa umeniita nani?"

"Wewe ni mke wangu."

"Na dada wa mwizi. Vyote viwili kwenye nyumba moja. Utalala upande gani?" Akaondoa vikombe mezani.

Barabara iliendelea. Ilipita mbele ya duka la mama mwenye mafuta ya taa, ikapita mtaro, ikakaribia yadi. Watoto waliendesha baiskeli juu yake. Binti alifunga sanduku lake akaliweka mlangoni, na kila asubuhi alimuuliza baba yake kama matairi yana upepo. Baba alisema yana upepo. Alikuwa akipita kila siku mbele ya yadi, anapunguza mwendo, anashusha kioo. Asali alimpungia mkono.

Siku moja kabla ya safari, mchana, gari lilipoa na kudondosha kipande cha mwisho. Hakuna aliyeambiwa kwamba ni cha mwisho, lakini kilionekana. Kilikuwa kipana kuliko vyote, chenye kona. Mistari miwili myeusi ya matairi ilianzia katikati, ikaivuka kona bila kukata, ikatoka nje ya ukingo. Haikurudi. Ndani ya lami palikuwa na chembe za kioo, na mkwaruzo mwekundu wa rangi ileile ya gari.

Fundi alisimama, akaliendea gari, akaligonga mara mbili.

Alianza mbele, akaja mlangoni, akafika nyuma. Mbele lilijibu kwa sauti moja, nyuma kwa sauti nyingine, na katikati, chini ya mlango, lililia kama debe. Mbele na nyuma hazikuwa ndugu. Zilikuwa za magari mawili, zimekutanishwa mahali fulani, zikapakwa rangi, zikaambiwa zitazamane.

Mkewe alikuwa amesimama kwenye kamba ya nguo. Aliitazama ile mistari miwili mpaka pale ilipotoka nje. Akachukua shuka, akalikung'uta, akalianika, akanyoosha pembe zake zote.

"Mtoto apande basi," alisema.

Akachukua beseni tupu, akaingia ndani.

Binti alipanda basi asubuhi. Alikuwa amenuna, akampa baba yake mkono badala ya kumkumbatia. "Ungeniambia tu kwamba unaogopa kwenda mbali," alisema. Baba yake akamwambia avae sweta, huko ni baridi. Basi lilipita juu ya barabara yao mpya bila kutikisika, na abiria wa dirishani wakaisifu.

Kipande cha mwisho kilikuwa na mahali pamoja tu pa kukaa. Fundi alijaribu kukigeuza, hakikulala. Kona yake iliingia sawasawa kwenye lango la yadi ya Asali, na kwa hiyo akakilaza hapo, mistari miwili ikielekea ndani. Asali alitoka akaja kutazama, mikono nyuma.

"Kazi safi, shemeji," alisema. "Ila hapa pana madoa."

Akaingia ndani, akatoka na gari jingine la Kiitaliano, la bluu, fupi vilevile, akaliegesha juu ya yale madoa, uso ukitazama barabarani ili wanunuzi waone.

Toka siku hiyo fundi aliendesha gari lake kutoka nyumbani hadi langoni na kutoka langoni hadi nyumbani, asubuhi na jioni. Alikibonyeza kitufe. Gari lilinguruma, likaruka, na kabla halijaingia gia ya tatu barabara ilikuwa imekwisha. Halikutaga tena. Zaidi ya hapo halikwenda.

Alikuwa amepiga magoti langoni, anaziba mianya kwa saruji, kinyozi alipokuja akiwa bado na kitambaa cha kunyolea begani. Kinyozi alilizunguka gari la bluu. Kibanda chake cha kunyolea kilikuwa mtaa wa pili, kwenye tope, na wateja walikuwa wakimwachia tope hilo mlangoni.

"Hili mita yake imerudishwa nyuma kiasi gani?" alimuuliza Asali. "Useme kweli. Mpaka kwangu ni mbali."

Fundi aliacha mwiko juu ya lami.

Asali alimtazama kinyozi, akaitazama barabara ilivyonyooka mpaka mwisho, ikimetameta, baiskeli juu yake.

"Hili?" alisema. "Hili nimelirudisha mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu. Karibu lote. Mpaka kwako utafika, na nyingine itabaki ya kwenda sokoni."

Ndiyo ilikuwa ile sentensi aliyoiomba fundi. Fundi aliisikia vizuri, akiwa chini, kwenye usawa wa magurudumu. Ilipita juu ya kichwa chake, ikamfikia mnunuzi, ikapokelewa kwa tabasamu.

Kinyozi aligonga ubavu wa gari mara moja kwa kifundo cha kidole. Lililia kama debe.

"Gonga tena," fundi alisema.

"Ya nini?"

"Gonga tena usikilize."

"Fundi, nimesikia," kinyozi alisema. "Wewe ulinunua gari ukapata barabara. Mimi nanunua barabara. Nikipata na gari, ni bahati yangu."

"Na nani atalipanda?"

"Mke wangu na watoto. Kwani nina nani mwingine?"

Asali alicheka, akafungua mlango wa bluu, akamkaribisha kiti kimbane. Kinyozi aliingia, akashika usukani, akaujaribu huku na huku, kisha akatoa kichwa dirishani.

"Vikianza kudondoka, fundi, utanipangia?"

"Nitakupangia," fundi alisema, akavuta uzi.